Muulize Mtunzi: Ubeti wa pili, biti ya prodyuza na mkataba wa lebo

Wengi mlioniandikia mwezi huu mnatunga na kuimba nyimbo zenu wenyewe, hamna lebo wala meneja, na mnajilipia studio. Nami nimeishi hivyo miaka yangu yote ya muziki, kwa hiyo najibu kama mtu wa kazi hiyo hiyo. Barua ndefu nimezifupisha, maswali nimeyaacha kama mlivyoyauliza.

Shikamoo dada. Nina daftari limejaa nyimbo lakini hakuna hata mmoja uliokwisha. Ubeti wa kwanza na kiitikio hunijia siku moja, halafu nakwama. Ubeti wa pili ukija, unarudia yale yale. Nifanyeje?
*Mwenye daftari, miaka 19*

Marahaba, mdogo wangu. Ubeti wa pili unakusumbua kwa sababu ubeti wa kwanza umeshasema yote. Nakutana na hili karibu kila ninapotumiwa demo na vijana: mtu anafungua wimbo kwa kutangaza kwamba ameachwa, anaumia, hatapenda tena. Sasa ubeti wa pili uje na habari gani? Unabaki kuongeza machozi tu.

Ngoja nikuonyeshe kwenye wimbo wangu mmoja wa mtu aliyeachwa na mwenzake. Mstari wa kwanza ulionijia ulikuwa "Uliniacha bila sababu, moyo wangu una jeraha." Mstari huo mtu yeyote anaweza kuuimba kuhusu mtu yeyote, ndiyo maana hauna nguvu. Nikakaa nikajiuliza: siku ile, ndani ya nyumba ile, kulikuwa na nini? Nikaandika:

*Umeacha funguo juu ya friji,*
*na bili ya maji kwa jina lako.*

Hapo sijataja jeraha wala moyo, lakini msikilizaji keshaingia ndani, anaangalia juu ya friji. Na ona faida yake: ubeti wa pili umepata kazi. Mwezi umepita, bili imekuja tena, bado ina jina lile, nami nimeilipa. Ubeti wa tatu nimekwenda kubadilisha jina. Kiitikio chenyewe ni kifupi, "Nyumba ni ile ile, mwenyeji ni mmoja," nacho hakibadiliki hata neno. Mara ya kwanza ukikisikia ni kilio. Mara ya tatu ni mtu aliyesimama. Beti ndizo zilizokibadilisha maana.

Kwa hiyo ukikwama, rudi kwenye ubeti wa kwanza ukapunguze. Toa maelezo, acha kitu kinachoonekana kwa macho. Kisha sogeza muda: kesho yake, mwezi ujao, au miaka mitano kabla. Wimbo unaosogea kwenye muda haukosi cha kusema.

Jambo la pili ni mizani. Washairi wetu wa zamani walituachia mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, na ingawa wimbo haulazimiki kufuata hesabu hiyo, kuhesabu kutakuokoa. Ubeti wa pili ukizidi wa kwanza kwa silabi nne, utajikuta unakimbiza maneno ili uyawahi mapigo. Angalia pia mkazo unaangukia wapi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiimba "nakupenda" huku ngoma kubwa inapiga kwenye "na", neno linateguka, na msikilizaji ataona kuna kitu hakikai sawa hata asipojua ni nini. Sema mstari kwa mdomo tu, bila gitaa, huku ukipiga paja. Ukisemeka vizuri, utaimbika.

La mwisho kwako: umalize hata ule mbaya. Mwanafunzi wa utunzi aliyemaliza nyimbo thelathini za kawaida amejifunza namna ya kufunga wimbo mara thelathini. Mwenye mianzo mia mizuri hajajifunza hata mara moja.

Dada, nilirekodi wimbo wangu kwa prodyuza ambaye ni rafiki. Studio nililipia mwenyewe. Wimbo umeanza kupigwa redioni, sasa ananiambia wimbo ni wake kwa kuwa biti ni yake, na amekwenda kuusajili kwa jina lake peke yake. Hatukuandikiana chochote. Je, nimeupoteza?
*Nimekosa usingizi*

Pole sana, na hapana, hujaupoteza. Ila inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo nyote mnaviita "wimbo".

Kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Huo upo hata mkiimba bila chombo chochote, na upo hata mtu mwingine akiurekodi upya kwa sauti yake. Halafu kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa siku ile studio, ambayo wenyewe tunaiita masta. Hizi ni mali mbili tofauti, zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na hulipwa kwa njia tofauti. Kama unadhani ni maneno ya wanasheria tu, angalia Marekani: redio za kawaida za huko zikipiga wimbo humlipa mtunzi, lakini mwimbaji na mwenye masta hawapati kitu kwa wimbo ule ule, saa ile ile.

Kwenye utunzi una nguvu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulitiwa saini mwaka 1886, na marekebisho yake ya Berlin ya mwaka 1908 yaliondoa sharti la usajili kwa nchi wanachama. Hakimiliki huzaliwa na kazi yenyewe, na kwa uchache hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwenzako kuwahi kujaza fomu hakumfanyi awe ameandika maneno yako. Usajili ni ushahidi, na ushahidi unaweza kujibiwa kwa ushahidi.

Lakini nawe umtendee haki. Kama alikuja na mapigo ya ngoma tu juu ya wimbo uliofika umekamilika, hiyo ni kazi ya studio. Kama ule mdundo wa kinanda ambao watu wanauimba kwa midomo ni ubunifu wake, basi ametunga nawe na anastahili fungu. Kuhusu masta, sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mara nyingi huangaliwa nani aliyegharamia na kupanga kurekodi, ila pasipo na karatasi kila mmoja huwa na hoja.

Sasa fanya hivi. Kusanya rekodi zote za simu ulizojirekodi ukitunga, zina tarehe. Kusanya jumbe mlizoandikiana, risiti za studio, picha za daftari. Halafu mwandikie kwa upole, kwa maandishi, ukipendekeza mgao ulio wazi wa utunzi na wa masta. Usianze kwa kumtisha na mahakama. Nimeona urafiki mwingi wa studio ukirudi mtu alipoonyeshwa karatasi yenye asilimia zake zimeandikwa. Akikataa, peleka pingamizi kwenye chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi zetu zinapotumika, alikousajili wimbo. Kwa kawaida wimbo wenye mgogoro mirabaha yake huzuiliwa mpaka pande zote zikubaliane, na hilo peke yake humleta mtu mezani.

Na kwa wengine wote mnaosoma barua hii: mimi huitoa karatasi ya mgao kabla maiki haijawashwa. Ni ukurasa mmoja. Jina la wimbo, majina yetu kamili, nani ameandika maneno, nani melodi, asilimia kwa kila mmoja, masta ni ya nani, tarehe, saini. Chini naacha nafasi ya ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili inayotambulisha rekodi popote inapopigwa. Kila niliyefanya naye kazi amesaini, na wapiga vyombo wazuri ndio wanaofurahi zaidi, maana nao washadhulumiwa.

Mama yangu wa hiari, sauti yangu hukauka katikati ya shoo. Nakunywa maji mengi jukwaani lakini wapi. Kuna dawa?
*Mkwaruzo*

Maji unayomeza jukwaani hayagusi nyuzi za sauti, mwanangu. Yangezigusa ungepaliwa. Hulainisha koo, lakini nyuzi zenyewe hunyweshwa na mwili mzima, kwa hiyo maji ya shoo hunywewa mchana. Punguza kupiga kelele kwenye saundi cheki, na mwombe fundi mitambo akupandishie sauti kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe. Waimbaji wengi huharibika kwa sababu hawajisikii, basi wanasukuma. Sogea karibu na maiki badala ya kuongeza nguvu. Maiki nyingi za jukwaani huongeza besi ukiikaribia, nayo huipa sauti ndogo unene. Mkwaruzo ukipita wiki tatu au nne hata ukipumzika, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie kwa kamera. Usisubiri.

Habari dada. Wimbo wangu umesikilizwa mara 900 Spotify ndani ya mwaka mzima, sijaona hata senti. Rafiki zangu wananiambia nimeibiwa na msambazaji. Ni kweli?
*Mia tisa*

Hapana, kwa hili msambazaji wako, yaani kampuni iliyokupandishia wimbo huko, hana kosa. Tangu mwaka 2024 Spotify imeweka kiwango: rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita haiingii kwenye hesabu ya mirabaha ya rekodi. Wewe uko chini ya mstari huo. Mimi siupendi utaratibu huu, na nitasema kwa nini: mtu mwenye nyimbo ishirini, kila mmoja ukisikilizwa mara mia tisa, amefanya kazi kubwa na watu wameisikia, lakini hesabu inamwona kama hayupo.

Hata ukivuka, usitarajie bei maalumu kwa kila anayebonyeza. Fedha huwekwa chungu kimoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu yako katika usikilizwaji wote. Wakubwa wakitoa albamu mwezi ule, sehemu yako inasinyaa hata kama wasikilizaji wako ni wale wale.

Sikwambii utoke huko, mimi mwenyewe nyimbo zangu ziko huko. Ninachokuomba ni kuanza kujua hao mia tisa ni akina nani. Loreena McKennitt wa Kanada alikuwa akipiga kinubi sokoni Toronto, akiuza kaseti zake mwenyewe na kukusanya majina na anwani za waliosimama kumsikiliza. Alianzisha lebo yake, Quinlan Road, mwaka 1985, akaiendesha kutoka nyumbani, na ile orodha ya anwani ndiyo iliyomwambia mji gani una watu wa kutosha kujaza ukumbi. Baadaye aliuza mamilioni ya albamu. Kaseti zimepita, ila orodha haijapitwa. Mfuasi wa mtandaoni ni wa mtandao; wakibadilisha mpangilio wao kesho, hakuoni tena. Aliyekupa anwani yake ya barua pepe unamfikia mwenyewe.

Ndiyo maana baada ya kila shoo mimi hukaa mlangoni na daftari, hata nikiwa nimechoka vipi. Watu huandika jina, anwani, na wengine wimbo walioupenda. Hiyo safu ya tatu hainiongopei: ndiyo inayonionyesha wimbo wa kuufungulia shoo ijayo.

Ukishakuwa nao, waonyeshe pa kukununua moja kwa moja. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa, kinachobaki, ukitoa gharama za malipo, ni chako. Patreon ilianzishwa mwaka 2013, na mmoja wa waanzilishi wake, Jack Conte, ni mwanamuziki aliyekuwa na watazamaji wengi na malipo kidogo, kama wewe. Huko watu hukuchangia kila mwezi. Wasikilizaji hamsini wa namna hiyo watakulipia studio.

Lebo imenipa mkataba. Wananiahidi fedha za awali, video na matangazo. Wazazi wanafurahi, rafiki zangu wanasema nikisaini nimekwisha. Wewe ungefanyaje?
*Kalamu mkononi*

Ningeusoma nikiwa na mwanasheria anayejua muziki, na ningemlipa mimi, asiwe yule waliyenipendekezea wao.

Kisha ningetafuta mambo machache. La kwanza, masta zinakuwa za nani, na kama ni zao, zinarudi lini. Kuna tofauti kubwa kati ya kuwauzia na kuwapa leseni ya miaka kadhaa. McKennitt niliyemtaja alipoingia mkataba na lebo kubwa ya Warner mwaka 1991 aliwapa leseni ya kusambaza, kampuni yake ikaendelea kumiliki rekodi. Ukikubaliana hivyo, lebo kubwa inaweza kukufikisha mbali nawe ukabaki na mali yako.

La pili, fedha za awali. Hizo si mshahara, zinakatwa kwenye mgao wako. Chukua namba tupu: wamekupa 100, na mgao wako ni asilimia 20 ya mapato. Ili deni la 100 liishe kutoka kwenye fungu lako, rekodi lazima iingize 500. Muda wote huo hupati kitu, na wao wameshapokea 400 zilizo zao pamoja na zile 100 walizokukopesha. Gharama za video zikiwekwa kwenye deni hilo pia, mlima unapanda. Uliza kwa maandishi ni gharama zipi zinaingia humo.

La tatu, na hapa ndipo wengi huumia: nani anaamua albamu itoke lini. Mwimbaji wa Uingereza RAYE alisaini na lebo kubwa akiwa kijana, akatoa nyimbo na kuwaandikia wengine, lakini albamu yake haikutolewa. Mwaka 2021 alilalamika hadharani, wakaachana. Albamu aliitoa akiwa huru mwaka 2023 kwa kushirikiana na kampuni ya usambazaji, na mwaka 2024 akachukua tuzo sita za Brit usiku mmoja, wingi ambao hakuna msanii aliyewahi kuufikia. Kwa hiyo dai kifungu: kama hawajatoa kazi ndani ya muda fulani tangu uikabidhi, uko huru kuondoka nayo.

Sisemi lebo ni adui. Nina wenzangu waliosaini na wanaishi vizuri, kwa sababu walikuwa na nguvu ya kujadiliana kabla ya kukaa mezani. Ani DiFranco wa Marekani alianzisha lebo yake, Righteous Babe, akiwa bado kijana, akauza muziki wake kwenye shoo hadi kampuni zilimfuata zenyewe, naye akazikataa. Wewe si lazima ukatae. Ila ukiwa na wasikilizaji wako na masta zako, hata neno "nitafikiria" linakuwa na uzito. Mkataba usiokupa wiki mbili za kufikiri, urudishe.

Dada mpendwa, nina miaka 41, ni muuguzi, nina watoto wawili. Nimetunga tangu shuleni, sijawahi kutoa wimbo. Usiku nikiwalaza watoto napata saa mbili. Je, sijachelewa? Na kama sijachelewa, nianzie wapi?
*Zamu ya usiku*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Hujachelewa. Charles Bradley alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2011 akiwa na miaka 62, baada ya maisha ya kupika na kuimba kwenye kumbi ndogo. Vashti Bunyan wa Uingereza alitoa albamu mwaka 1970, ikapuuzwa, akaenda kulea watoto, na ya pili akaitoa mwaka 2005. Bill Withers alikuwa mfanyakazi wa kiwanda alipotoa ya kwanza mwaka 1971, na kazi hakukimbilia kuiacha.

Nawe usiiache. Mshahara wako ndio lebo yako: unakulipia studio na haukudai masta. Una pia kitu ambacho kijana wa miaka 19 hana. Umekaa na watu saa zao ngumu kabisa. Siri zao usiziguse, lakini namna mtu anavyoshika mkono wa mwenzake, hiyo ni yako kuiandika.

Saa mbili hizo zigawe kwa wiki. Siku chache ni za kutunga tu, simu ikiwa mbali isipokuwa kujirekodi. Siku moja ni ya mazoezi ya sauti na chombo. Siku moja ni ya makaratasi. Zilizobaki lala, maana uchovu husikika kwenye rekodi. Albamu iweke kando kwanza. Chagua nyimbo tatu ambazo hata watoto wako wameshazishika kwa kuzisikia, rekodi sauti na chombo kimoja katika chumba chenye mapazia na nguo nyingi, kisha lipia mtu wa kukumiksia.

Rekodi ikiwa tayari, usiipandishe kesho yake. Weka tarehe ya kutoka mwezi mmoja mbele. Katikati hapo usajili utunzi wako, andaa picha ya jalada, waandikie watu wako wa kwanza, na uwapelekee wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify wimbo huo kabla haujatoka. Wao hutaka siku saba au zaidi. Na msambazaji atakapokuletea fomu yenye nafasi ya mtunzi, usijaze jina la jukwaani. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa herufi zile zile ulizojisajilia, kwa sababu mirabaha hutafutwa kwa jina hilo.